Duvi Aliyevuka Pasifiki

Wanangu, leo nawasimulia habari za kasa mmoja jike aliyeitwa Adelita. Ni habari ya kweli. Ilianzia Mexico ikaishia Japani, na katikati yake kuna bahari iliyo pana kuliko zote duniani.

Kasa wa aina yake, pwani kwetu, tunamwita duvi. Ana kichwa kikubwa, taya zenye nguvu za kuvunja gamba la kaa, na mgongo wa kahawia unaoelekea wekundu. Duvi mzima hufikia kilo mia moja na zaidi. Adelita alilelewa kwa miaka katika matangi ya kituo cha utafiti cha Bahía de los Ángeles, kwenye ile rasi ndefu nyembamba inayoitwa Baja California, chini ya uangalizi wa mtu aitwaye Antonio Resendiz. Jina lake alipewa la binti wa mvuvi wa hapo hapo.

Sasa, Baja palikuwa na fumbo lililowasumbua watu kwa muda mrefu. Duvi walikuwa tele katika maji yale, lakini wengi wao ni wadogo, hawajafika umri wa kutaga. Na pwani yote ya Mexico upande wa Pasifiki haina ufuko ambao duvi hupanda usiku, akachimba shimo na kufukia mayai yake. Fukwe za duvi katika Pasifiki ya kaskazini ziko Japani, ng'ambo kabisa. Basi watoto hawa wa Baja mama zao ni nani?

Mwaka 1995 wanasayansi walichunguza chembe za urithi za duvi wa Baja wakazilinganisha na za duvi wanaotaga Japani. Karibu wote walikuwa ukoo mmoja. Yaani kasa anatoka kwenye yai akiwa na urefu usiozidi kidole chako, anaingia majini gizani, mkondo mkubwa uitwao Kuroshio unambeba, na wengine wao miaka baadaye wako upande wa pili wa dunia wakila kaa wadogo wekundu. Wapo walioona jambo hili halisadikiki. Kwamba mikondo yaweza kumsukuma kiumbe mdogo kwenda mashariki, hilo walikubali. Lakini arudi mwenyewe kwa kuogelea? Zaidi ya kilomita elfu kumi, bila kisiwa cha kupumzikia?

Dalili ya kwanza aliileta duvi mwingine, Rosita. Naye alikuwa wa kituo kile kile. Alifungwa kipande cha chuma chenye namba kwenye pezi, akaachiwa mwaka 1994, na mwaka 1995 wavuvi wa Japani walimpata karibu na kisiwa cha Kyushu, namba yake ikiwa bado pezini. Bila wavuvi wale waliosoma namba na kuitolea taarifa, tusingejua lolote. Lakini kipande cha chuma husema mambo mawili tu: mnyama aliachiwa hapa, akaonekana pale. Katikati ni giza tupu.

Ndipo Resendiz na kijana mmoja mtafiti kutoka Marekani, Wallace J. Nichols, walipoamua kumfuata Adelita njia nzima. Tarehe 10 Agosti 1996 walimshusha baharini upande wa Pasifiki wa Baja, karibu na kijiji cha Santa Rosaliíta. Mgongoni alikuwa amebandikwa kwa gundi kifaa kidogo chenye betri na antena fupi.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana watu wengi hukosea. Wakisikia kasa anafuatiliwa kwa setilaiti hudhani iko kamera angani inayompiga picha akiogelea. Haiko hivyo. Setilaiti iliyomfuata Adelita haikumwona hata mara moja. Ilimsikia.

Kasa ana mapafu kama wewe. Hawezi kukaa chini ya maji siku zote. Lazima apande juu avute hewa. Kifaa cha mgongoni kina swichi inayotambua maji ya chumvi. Ikiwa ndani ya maji, hukaa kimya ili betri isiishe bure. Antena ikichomoza juu, kifaa hutuma mlio mfupi wa redio, na mwingine, na mwingine, mpaka kasa azame tena. Juu, zaidi ya kilomita 800 kutoka ardhini, zinapita setilaiti zinazozunguka kutoka ncha moja ya dunia hadi nyingine kwa muda wa dakika mia moja hivi. Zimebeba masikio ya mtambo uitwao Argos, ambao Ufaransa na Marekani waliuanzisha mwaka 1978.

Lakini mlio wenyewe hausemi kasa yuko wapi. Hausemi latitudo wala longitudo. Sasa wanajuaje? Simama kando ya barabara, pikipiki ije mbio ikipiga honi. Inapokukaribia honi inasikika nyembamba, ikishakupita inakuwa nzito, ingawa dereva hajabadilisha chochote. Setilaiti nayo hupita juu ya kasa kwa kasi kubwa mno, na mlio wa redio hubadilika namna ile ile: mwembamba setilaiti inapomkaribia, mzito inapomwacha. Kwa kupima mabadiliko hayo, kompyuta huku ardhini hukokotoa mahali mlio ulipotoka. Wakati mwingine jibu ni sahihi kwa umbali wa mita mia chache, wakati mwingine linapotea kwa kilomita kadhaa, hasa kasa akipanda kwa haraka na kuzama. Kwa bahari yenye upana ule, kilomita chache si kitu.

Adelita akaelekea magharibi. Nichols alikuwa akiweka mahali alipofika kwenye intaneti, jambo ambalo mwaka 1996 lilikuwa jipya kabisa, na watoto wa shule katika nchi mbalimbali wakawa wanafungua kila mara kumtazama amefika wapi. Wiki zikapita, miezi ikapita. Alipita kaskazini ya Hawaii akaendelea. Baada ya siku 368 na zaidi ya kilomita 11,500 alikuwa karibu na mji wa Sendai, Japani. Gawanya mwenyewe: ni kilomita 31 kwa siku, kila siku, mwaka mzima. Huyo ndiye mnyama wa kwanza ambaye binadamu walimfuata akivuka bahari nzima kutoka pwani hadi pwani.

Mwisho wa safari si mzuri, na siwafichi. Milio ya mwisho ilitoka pwani, karibu na bandari ya wavuvi, kisha ikakatika. Nichols aliamini kwamba huenda Adelita alinaswa katika zana za uvuvi. Aliyemlea, aliyemfuata na maelfu ya watoto waliomtazama walijua alipofika, ila hakuna aliyeweza kufanya lolote.

Kujua kasa yuko wapi na kumkinga asife ni mambo mawili tofauti. Habari iliyobaki inahusu jinsi watu walivyojaribu kuyaunganisha, na wala si habari ya kasa peke yao.

Huko Honolulu, Hawaii, kulikuwa na mwanasayansi wa bahari, Jeffrey Polovina. Yeye na wenzake waliwafunga vifaa duvi walionaswa na kuachiwa katikati ya Pasifiki, wakachora njia zao kwenye ramani. Njia zile hazikuwa za ovyo. Kasa walikuwa wakienda magharibi dhidi ya mkondo dhaifu unaotoka huko, wakifuata mistari fulani, kana kwamba kuna barabara. Ukitazama baharini huoni barabara yoyote. Maji ni maji.

Ndipo setilaiti za aina ya pili zilipoingia kazini, zile zenye macho. Hizi hazitafuti kasa. Zinatazama maji yenyewe. Moja hupima joto linalotoka kwenye uso wa bahari, ikachora ramani ya sehemu za baridi na za vuguvugu. Nyingine hupima rangi. Rangi ya bahari, wanangu, ni habari ya chakula. Katika maji yenye rutuba huelea mimea midogo mno isiyoonekana kwa jicho, planktoni, na ndani yake mna klorofili, ile ile inayofanya jani la mwembe liwe kijani. Mimea ikiwa mingi, maji huelekea kijani. Ikiwa haba, bahari hubaki buluu safi inayopendeza machoni lakini haina cha kula. Mwaka 1997 ilirushwa setilaiti iliyobeba kipimo kiitwacho SeaWiFS, na kuanzia hapo watu wakaanza kuiona rangi ya bahari ya dunia nzima siku baada ya siku. Mawingu huzuia macho hayo, ndiyo maana mara nyingi huunganisha picha za siku kadhaa ili mashimo yazibike.

Polovina alipoweka njia za kasa juu ya ramani ya rangi, barabara ikaonekana. Kaskazini mwa Pasifiki kuna maji baridi ya kijani yenye planktoni nyingi. Kusini yake kuna maji ya vuguvugu, buluu, maskini wa chakula. Yanapokutana hutokea mpaka mmoja mrefu unaozidi kilomita 8,000, kutoka karibu na Japani hadi karibu na Amerika. Maji baridi ni mazito, hivyo hapo mpakani huzama chini ya maji ya vuguvugu, na kila kieleacho hakizami nayo. Hubaki juu kikikusanyika. Wapo viumbe wa buluu wa jamii ya konyeza wenye tanga dogo mgongoni, wanaosukumwa na upepo. Wapo konokono wa zambarau wanaoelea kwa mapovu. Duvi hupenda vyote viwili. Kwa hiyo anafuata meza iliyoandaliwa, na meza yenyewe inahama: majira ya baridi hushuka kusini, kiangazi hupanda kaskazini, umbali wa kilomita 1,000 hivi kwenda na kurudi kila mwaka.

Ingekuwa kasa tu ndio wanaojua meza ile, ningemaliza hapa. Lakini nduaro naye huijua, yule samaki mwenye pua ndefu kama upanga, na mvuvi wa nduaro humfuata nduaro.

Wavuvi wa Hawaii humvua kwa dhulumati. Wanaoishi pwani wanaijua: kamba kuu iliyofungwa maboya, na kutoka kwenye kamba hiyo zinaning'inia kamba fupi zenye ndoana. Ya kwao ni ya viwandani, ina urefu wa makumi ya kilomita na ndoana mamia kwa mamia. Kwa nduaro huitandaza usiku, karibu na uso wa maji, na zamani chambo kilikuwa ngisi. Duvi hupita, anamwona ngisi, anamuuma. Hakuna aliyekusudia kumvua. Mvuvi hapati faida yoyote kwake. Anapoteza chambo, ndoana na muda. Hata hivyo kasa aliyemeza ndoana, au aliyezuiwa kupanda kuvuta hewa, hufa.

Kesi kuhusu vifo hivyo ikapelekwa mahakamani, na mwaka 2001 uvuvi ule wa nduaro ukafungwa. Fikirieni nyumba zilizotegemea boti zile. Mimi siamini katika ulinzi wa wanyama unaomwona mvuvi kuwa adui, na nina sababu: samaki asipovuliwa na boti ya Hawaii iliyo chini ya sheria, mlaji atamtafuta kwa boti ya nchi nyingine isiyo na sheria hizo, na duvi ni yule yule mmoja anayepita kote. Kufunga ni rahisi. Kazi ngumu ni kuvua bila kumuua.

Mwaka 2004 uvuvi ulifunguliwa tena kwa masharti. Ndoana iwe ya duara, kubwa, ambayo ncha yake inarudi ndani, ili kasa ashindwe kuimeza. Chambo kisiwe ngisi, kiwe samaki wa jamii ya vibua, kwa sababu kasa humng'ata kibua vipande vipande badala ya kummeza mzima pamoja na ndoana. Kila boti ibebe mwangalizi. Na kuwe na kikomo: duvi 17 wakinaswa katika mwaka, au noa 16, uvuvi wote ufungwe mpaka mwaka unaofuata. Noa ndiye kasa mkubwa kuliko wote, mwenye mgongo wa ngozi.

Ndoana na chambo vilifanya kazi kubwa ajabu. Kiwango cha kunasa duvi kilishuka kwa asilimia 90, na cha noa kwa asilimia 83. Kitu kidogo kama umbo la ndoana! Nawaomba mkikumbuke hicho kila mara mtu anapowaambia kwamba tatizo kubwa linahitaji mtambo mkubwa tu.

Hata hivyo, Machi 2006, msimu ukiwa bado mchanga, duvi wa 17 akanaswa. Boti zote zikarudi bandarini. Mvuvi aliyekuwa hajanasa hata kasa mmoja naye alirudi.

Ndipo Polovina, Evan Howell na wenzao waliporudi kwenye ramani zao. Waliweka pamoja mambo matatu: njia za duvi waliofungwa vifaa, mahali boti zilipokuwa zimewanasa duvi miaka iliyopita, na joto la maji kama setilaiti zilivyoliona. Wakakuta kwamba zaidi ya nusu ya duvi walionaswa katika robo ya kwanza ya mwaka walikuwa ndani ya utepe mwembamba wa maji yenye joto la nyuzi 17.5 hadi 18.5 za Selsiasi. Basi mwishoni mwa mwaka 2006 wakaanza kutoa ramani iliyoitwa TurtleWatch. Ilikuwa na rangi za joto, na mistari miwili inayoonyesha utepe. Maana yake ni moja: nahodha, maji ya humu usitandaze dhulumati. Kesho mistari ikisogea, ramani nayo inasogea.

Ramani hiyo haikuwa amri. Ilikuwa ushauri, na nahodha alikuwa huru kuukataa. Lakini alijua hesabu ya 17. Kila kasa anayemnasa anausogeza msimu karibu na kufungwa, kwake mwenyewe na kwa wenzake wote. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipo na akili ya jambo hili: elimu ya bahari iliwekwa mkononi mwa mvuvi, ikakutana na sababu yake mwenyewe ya kuitumia.

Namna hii ya kufanya kazi wataalamu huiita usimamizi wa mfumo ikolojia. Jina ni zito lakini kisa chetu kimeshawaonyesha. Zamani msimamizi wa uvuvi alikuwa na daftari la nduaro: wako wangapi, wavuliwe wangapi, basi. Kasa alikuwa kwenye daftari jingine, ofisi nyingine. Joto la maji halikuwa la mtu yeyote. Sasa unawaweka mezani nduaro, duvi, konyeza, planktoni, mkondo, mvuvi na mkewe anayesubiri pesa ya chakula, wote pamoja, maana baharini wako pamoja. Ukimgusa mmoja umewagusa wengine.

Watafiti wa California waliendeleza wazo hilo la ramani inayohama. Elliott Hazen na wenzake walitengeneza chombo kiitwacho EcoCast, wakakieleza mwaka 2018. Kila siku kilichora ramani mpya iliyopima mambo kadhaa kwa pamoja: wapi nduaro wanapatikana kwa wingi, na wapi kuna hatari ya kunasa noa, papa wa buluu au simba wa bahari. Huko kuna eneo kubwa la bahari linalofungwa kwa wavuvi wa nyavu miezi fulani ya kila mwaka, na mipaka yake haisogei. Hesabu zao zilionyesha kwamba eneo linalohama pamoja na wanyama laweza kuwa dogo mara 2 hadi 10 kuliko hilo la kudumu, na bado likawakinga. Mnyama anapata ulinzi, mvuvi anapata maji ya kuvua. Ila chombo hiki kinahitaji setilaiti zisizokatika na wavuvi wanaokiamini, na kukosekana kwa kimoja ni kukosekana kwa vyote.

Msidhani basi kwamba hatari iko kwenye meli kubwa tu. Turudi Baja. Hoyt Peckham na wenzake waliwafunga vifaa duvi vijana wa huko, wakaona kwamba badala ya kuzurura bahari kuu, wengi hukaa mahali pamoja karibu na pwani kwa sababu chakula ni kingi. Mahali hapo ndipo wavuvi wa vijijini walipotega nyavu na dhulumati za chini kwa boti ndogo za injini moja. Mwaka 2007 walitangaza kwamba jamii chache za wavuvi wadogo zilikuwa zikiua, bila kukusudia, angalau duvi 1,000 kwa mwaka, idadi inayokaribiana na ya meli za viwandani za bahari nzima. Wavuvi wenyewe walishtuka. Kila mmoja alikuwa akiona kasa mmoja leo, wawili wiki ijayo, akiamini kasa ni wengi. Walipoonyeshwa ramani, na walipokutanishwa na wavuvi wa Japani na wa Hawaii, waligundua kwamba kasa wao ni wale wale wanaotarajiwa kwenye fukwe za wenzao. Baadhi yao waliacha zana zile.

Japani, kwa upande wake, ina watu waliokuwa wakisubiri. Na hapa nataka watoto mnyooshe migongo. Katika mkoa wa Tokushima, wanafunzi wa shule walianza kuwahesabu na kuwapima duvi wanaopanda kutaga ufukweni kwao katika miaka ya 1950, zamani kabla setilaiti haijakuwepo angani. Kumbukumbu zao za daftari ni miongoni mwa kumbukumbu za kasa za muda mrefu kuliko zote duniani. Picha ya setilaiti haikuambii kama kasa mwaka huu ni wengi kuliko wakati wa babu yako. Daftari la wale watoto linakuambia.

Bado fumbo halijaisha. Miaka ya karibuni mtafiti Dana Briscoe na wenzake walipitia njia za duvi vijana 231 waliofuatiliwa kwa setilaiti. Karibu wote walibaki katikati ya Pasifiki, wakizunguka na ile meza yao. Ni 6 tu waliokwenda mpaka pwani ya Amerika. Kwa nini hao? Jibu wanalolipendekeza ni joto. Katikati ya bahari na Mexico kuna mkondo wa maji baridi ambao kawaida ni kizuizi kwa kasa. Ikija miaka ya El Niño, maji hupata joto isivyo kawaida, njia inafunguka, na duvi walio karibu hupita. Ili kulijaribu wazo hilo, kuanzia mwaka 2023 duvi vijana waliolelewa Japani wamekuwa wakiachiwa katikati ya Pasifiki kwa makundi, kila mmoja na kifaa chake mgongoni. Na bahari kwa ujumla inazidi kupata joto. Utepe ule wa nyuzi 18 hautakuwa mahali ulipokuwa Adelita alipopita. Anayelinda bahari kwa mstari uliochorwa mara moja na kuachwa atajikuta analinda maji ambayo wanyama wameshayahama.

Sasa nyumbani. Bahari ya Hindi nayo ina wasafiri wake. Duvi wanaotaga kwenye fukwe za kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini, ambako wamekuwa wakifungwa namba tangu mwaka 1963, hutawanyika wakaonekana Msumbiji, Madagascar na Tanzania. Duvi vijana walionaswa na dhulumati karibu na kisiwa cha Réunion, wakatibiwa katika kituo cha Kélonia na kuachiwa na vifaa, wengi waligeuza kichwa kaskazini wakapita mbali mashariki ya pwani yetu, wakielekea Oman, kuliko na moja ya fukwe kubwa za duvi duniani kwenye kisiwa cha Masirah. Kasa wa kawaida wanaotaga Comoro na Mayotte wamefuatwa mpaka kwenye nyasi bahari za Tanzania na Kenya, wanakokula. Kwa hiyo kasa unayemwona Mafia au Lamu huenda alizaliwa nchi nyingine, na atakwenda kutaga nchi nyingine. Uchina wala Ulaya hakuna atakayemlinda akiwa kwenye jarife la jirani yako.

Wala hatuanzii sifuri. Watamu, Kenya, tangu mwaka 1998 wavuvi wanaokuta kasa hai wavuni hupiga simu kwa shirika la Local Ocean Conservation. Watu huja, kasa hupimwa, hufungwa namba, mgonjwa hutibiwa, mzima huachiwa, na mvuvi hufidiwa kidogo kwa muda wake. Tanzania, shirika la Sea Sense limewafundisha watu wa vijiji vya pwani kulinda viota na kuweka kumbukumbu. Namba hizo zinazoandikwa kwa kalamu ufukweni ndizo zinazowaambia wenye setilaiti wapi pa kutazama.

Basi nawaagiza hili, hasa ninyi mnaokaa karibu na maji. Ukimkuta kasa ana kipande cha chuma kwenye pezi, au kifaa chenye antena mgongoni, usikibandue. Soma namba zote, andika pamoja na tarehe na jina la mahali, piga picha kama kuna simu, kisha nenda na mzazi kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa fukwe cha kijiji chenu, au kwa ofisa wa uvuvi. Kasa akiwa mzima, mwacheni aende. Akiwa amezirai kwa kukaa wavuni, msimrudishe majini haraka, maana atazama: mwekeni kivulini, nyuma yake imeinuliwa kidogo ili maji yatoke mapafuni, mmwagieni maji mgongoni, na mngojeeni azinduke. Inaweza kuchukua saa nyingi. Ngojeni.